Hodi

Katika filamu ya The Texas Chain Saw Massacre ya mwaka 1974, iliyoongozwa na Tobe Hooper, vijana watano wako safarini mashambani Texas na gari lao linakaribia kuishiwa mafuta. Mmoja wao, Kirk, anasikia jenereta ikinguruma, anaifuata hadi kwenye nyumba iliyojitenga ili aombe petroli. Anabisha. Kimya. Anaingia, na mwanamume aliyevaa kinyago cha ngozi ya binadamu anampiga nyundo ya kichwa, anamburuta ndani na kuufunga mlango wa chuma kwa kishindo.

Neno hodi limebeba sheria nzima ya kizingiti. Anayelitamka anaomba ruhusa, na ruhusa yenyewe ni neno moja tu: karibu. Ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, unaondoka, hata uwe na shida gani. Sheria hiyo inamlinda mwenye nyumba, na mgeni pia. Kwangu mimi, hofu ya filamu za kutisha kama hii inaanzia pale sheria hiyo inapovunjwa, kabla ya nyundo.

Ninyi mnaozitafsiri kwa Kiswahili, mlangoni msiseme "Kuna mtu?" Semeni "Hodi!", maana mtazamaji wetu atajua mara moja ni jibu gani lililokosekana.