Daktari wa Dukani

Ukitoka mjini Kigoma kwenda Manyovu, mpakani na Burundi, utapita Mwandiga. Ni mahali pa biashara: mawese, dagaa, maharage yaliyoshuka kutoka milimani, na katikati ya hayo yote, duka la dawa. Juma hili nataka tulitazame duka hilo, kwani lina historia ndefu kuliko rangi ya mlango wake.

Sisi tuliokua miaka ya 1990 tulilijua kwa jina la duka la dawa baridi. Ukitumwa klorokwini, ulihesabiwa vidonge mkononi vikafungwa katika kipande cha gazeti, pengine hiki hiki cha juma lililopita. Aliyekuhudumia ulimwita daktari. Hakuwa daktari, naye hakukusahihisha.

Sheria ya Dawa na Sumu ya mwaka 1978 ilikuwa imeweka mipaka. Famasi yenye mfamasia iliruhusiwa kuuza dawa za cheti. Duka la dawa baridi liliruhusiwa zile tu zisizohitaji cheti. Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini wafamasia walikuwa wachache, na wengi wao walikaa Dar es Salaam. Isitoshe, serikali iliyokuwa imepiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara mwaka 1977 ilizirudisha mwaka 1991, na katika soko huria maduka ya dawa yakaota kama uyoga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maduka ya dawa baridi yalikadiriwa kuwa zaidi ya 4,600. Mgonjwa wa kijijini alihitaji dawa ya nimonia. Mwenye duka alikuwa nayo chini ya meza. Nani angemwambia arudi nyumbani?

Mwaka 2001 watafiti waliamua kupima hali ilivyo. Hawakwenda na madodoso peke yake, maana ukimwuliza muuzaji kazi yake atakujibu vile kitabu kinavyotaka. Walituma watu waliojifanya wateja, wakaeleza kwamba nyumbani kuna mtoto mwenye homa, kisha wakaandika walichoulizwa na walichouziwa. Mkoani Ruvuma, dawa ya malaria ilitolewa kwa kufuata mwongozo katika asilimia 6 tu ya safari hizo. Asilimia 26 ya dawa zilizokutwa hazikuwa zimesajiliwa nchini.

Hapo ndipo lilipozaliwa Duka la Dawa Muhimu, lililoanza Ruvuma mwaka 2003 chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwa ushirikiano na shirika la Kimarekani la Management Sciences for Health. Wazo lake lilikuwa la kiungwana: badala ya kumfukuza muuzaji, mfundishe, mkague, kisha mruhusu kihalali kuuza baadhi ya dawa za cheti, zikiwemo antibayotiki chache. Upimaji uliporudiwa mwaka 2004, dawa zisizosajiliwa zilikuwa zimeshuka hadi asilimia 2. Waliopewa antibayotiki bila sababu kwa mafua na kikohozi walipungua kutoka asilimia 39 hadi 14. Mpango ukasambazwa mikoa mingine.

Lakini tusishangilie upesi. Dawa sahihi ya malaria, kwa dozi sahihi, ilipanda kutoka asilimia 6 hadi 24. Maana yake, wateja watatu katika kila wanne bado waliondoka bila tiba inayotakiwa, tena kutoka kwa watu waliokwisha kusoma kozi. Ujinga unaondolewa na mafunzo; njaa ya mwenye duka na mfuko mtupu wa mteja ni habari nyingine.

Klorokwini yenyewe iliachwa mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. SP iliyoirithi nayo ikachoka, ikaja dawa ya mseto. Dozi ya mseto ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu. Sasa chukua mama aliyefika dukani Mwandiga jioni, ana fedha ya vidonge 12, na mumewe anatetemeka nyumbani. Muuzaji aliyesoma anajua kwamba dozi pungufu humpa mgonjwa nafuu ya uongo na kuvipa vimelea nafasi ya kuizoea dawa. Anajua pia kwamba akikataa, mama atavuka barabara hadi duka la pili, na huko hataulizwa neno.