Seli masti na uvimbe wa mbwa

Mtu akimpapasa mbwa wake ubavuni akakutana na kitu cha mviringo chini ya ngozi, Kiswahili kinampa neno papo hapo: uvimbe. Neno hilo linatokana na kitenzi vimba, nalo linaeleza tu kwamba mahali pameinuka. Kilichopainua halikitaji. Jipu la usaha lililotokana na kung'atwa ni uvimbe. Lipoma, yaani mafuta yaliyojikusanya chini ya ngozi ya mbwa mzee mnene, nayo ni uvimbe. Hata funza wa nzi anayeishi ngozini huonekana hivyo hivyo. Kwa hiyo uvimbe ni jina la kile mkono ulichogusa, na mwenye mbwa akiambiwa "ni uvimbe tu" bado hajaambiwa ugonjwa.

Miongoni mwa magonjwa yanayojificha ndani ya neno hilo, lipo moja ambalo jina lake linahitaji uangalifu: uvimbe wa seli masti. Ni miongoni mwa saratani za ngozi zinazowapata mbwa mara nyingi zaidi, hasa Boxer na pug. Anayetafsiri kutoka Kiingereza kwa haraka ataandika "seli za mlingoti", maana neno la Kiingereza "mast" lina tahajia ileile na la mlingoti wa chombo. Hapo atakuwa amepotea kabisa. Jina lilitolewa na Mjerumani Paul Ehrlich, katika tasnifu yake ya mwaka 1878. Aliona seli zilizojaa chembechembe zinazoshika rangi kwa namna ya pekee, akadhani ni seli zilizoshiba, akaziita kwa neno la Kijerumani la kunonesha mifugo. Dhana yake haikuwa sahihi, ila jina limebaki. Kwa maoni yangu "seli nono" ingerudisha dhana hiyo iliyokwisha kukanushwa, na ingetuchanganya na seli za mafuta, ambazo ndizo hasa za lipoma. Afadhali seli masti, neno lililokopwa na kufuata matamshi yetu.

Chembechembe zile zimebeba histamini, kemikali inayoleta mwasho, wekundu na kuvimba. Ndiyo maana uvimbe wa seli masti unaweza kuwa mkubwa asubuhi na kunywea jioni. Hapa ndipo ninapowahurumia wafugaji, kwa sababu uvimbe unaonywea huwapa faraja wakati mbwa hajapona chochote. Kuuminya ni hatari: histamini humwagika kwa wingi, na ikifika tumboni kupitia damu huongeza asidi hadi mbwa akapata vidonda, akatapika damu au kunya kinyesi cheusi kama lami.

Vidole haviwezi kuutofautisha na lipoma, hata vya daktari mzoefu. Kinachohitajika ni sindano nyembamba: daktari huchoma uvimbe, hunyonya seli chache, huzipaka kwenye kioo na kuziangalia kwa hadubini. Lipoma huacha matone ya mafuta yasiyokauka. Seli masti zikitiwa rangi huonyesha chembechembe za zambarau, na jibu laweza kupatikana siku hiyohiyo. Mara nyingi mbwa hahitaji hata kulazwa usingizi.

Baada ya hapo huja maneno mawili ambayo hayafai kubadilishana: daraja na hatua. Daraja huonyesha ukali wa seli zenyewe, na husomwa kwenye kipande cha uvimbe uliokatwa. Mfumo wa Patnaik wa 1984 una madaraja matatu. Ule wa Kiupel na wenzake wa 2011 una mawili tu, la chini na la juu. Hatua huonyesha saratani imefika wapi, na ili kuijua daktari huchunguza tezi za limfu zilizo karibu, kisha ini na wengu. Mbwa anaweza kuwa na uvimbe wa daraja la juu ambao bado uko hatua ya mwanzo, na daktari akiyataja yote mawili kwa neno moja, mwenye mbwa hataelewa kwa nini anashauriwa upasuaji ufanyike upesi.