Kitumbua Kilichovuka Bahari

Waliohama Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 walishika njia nyingi: Mombasa, Dubai, Kairo, London. Sultan Qaboos aliposhika utawala wa Omani tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warejee, wengi wakaelekea Maskati. Habari zao zimeandikwa kwa hati za kusafiria, kwa nyumba zilizotaifishwa na kwa vyeo walivyovipata huko. Naomba ruhusa ya msomaji niziandike kwa kitumbua, ijapokuwa wapo watakaosema kitumbua chenyewe kilikwisha kuingia mchanga.

Kitumbua hakina mengi. Mchele hurowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke, kisha ukachomwa kwa mafuta kidogo katika chuma chenye vishimo. Lakini kila kimoja katika hivyo kilikuwa na mgogoro wake ughaibuni. Shangazi yangu, aliyeondoka hapa akiwa msichana na kutia nanga London, alinihadithia kuwa baridi ndiyo iliyomshinda mwanzo: unga ulilala kama maiti mpaka alipolifunika bakuli kwa blanketi na kuliweka kando ya kipasha joto. Mbuzi ya kukunia nazi hakuwa nayo. Akatumia tui la kopo, zito, lisilo harufu ya kifuu. Alipofanya haraka akanunua unga wa mchele uliokwisha kusagwa, vitumbua vilitoka vigumu, akavirudia kwa mchele wa kuroweka. Chuma alikipata kwa Wahindi, kwani Wahindi wa kusini nao wana kikaango cha vishimo. Wenzake walioishi Denmark walikuta Wadenishi wanacho chao, cha kuchomea æbleskiver, kana kwamba kimefuliwa kwa ajili yetu.

Jambo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni daftari. Mama zetu hawakupima. Walimimina mpaka mkono ukaridhika, na binti alijifunza kwa kusimama pembeni. Shangazi hakuwa na wa kusimama pembeni yake. Alikumbuka, akakosea, akapima kwa kikombe, akaandika. Elimu iliyokaa mikononi ikaingia katika maandishi, na aliyeyatia humo alikuwa mtu aliyeogopa kuisahau.

Sisi tuliobaki tulikuwa na ada ya kuvicheka vitumbua vya tui la kopo. Tulisahau kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele, sukari na unga vilipatikana hapa kwa mgao na foleni, na muhogo ukakaa mahali pa mchele katika sahani nyingi. Nadhani imo miaka ambayo kitumbua kamili kilikuwa rahisi kupatikana London kuliko Ng'ambo. Isitoshe, halua tunayojivunia ilitujia na watu wa Omani, ikapikwa kwa tulivyokuwa navyo, na leo hatuioni ngeni. Nayo mandazi yalipofika Maskati yalibaki na jina lake la Kiswahili.

Miaka michache iliyopita alikuja mjukuu wa shangazi, mzaliwa wa London, na lile daftari mkobani. Shangazi alikuwa amekwisha kufariki. Binti alitaka mama yangu amsahihishe kurasa mbili ambazo wino ulikuwa umefifia.

"Bibi, unga uwe mzito kiasi gani?"

Mama alinyamaza. Vitumbua vyetu, kwa miaka zaidi ya 20, tumevinunua kila asubuhi kwa mchomaji wa pembeni mwa msikiti. Chuma chetu kilikwisha kuuzwa kwa wanunua vyuma chakavu, na hakuna aliyekumbuka ni lini.

Tukaazima cha jirani. Binti akasoma, kwa Kiswahili chake cha kusitasita. Mama akakoroga, akauinua mwiko na kuutazama unga ukidondoka, akaongeza tui bila ya kuuliza kitabu. Binti akatoa kalamu, akamwomba arudie, polepole, apate kuhesabu ni vijiko vingapi.

Vile vya mwanzo viliganda chumani. Tulivila hivyo hivyo, kwa kuvikwangua.