Alizeti: Usihesabu Kutoka Mvua ya Kwanza, Hesabu Kutoka ya Mwisho

Mvua ya kwanza ikidondoka Dodoma au Singida, wengi wanakimbilia shambani na mbegu zote, alizeti ikiwemo. Kwa mahindi sawa. Kwa alizeti, haraka hiyo inaweza kukuozeshea mavuno.

Mikoa hii ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mbegu ya Record, ambayo wengi wanayo, inachukua kama miezi minne hadi kukomaa, na inatoa maua baada ya miezi miwili hivi. Sasa piga hesabu. Ukipanda mwanzoni mwa Desemba, maua yanatoka Februari na vichwa vinakomaa mwishoni mwa Machi, mvua bado ipo. Kichwa cha alizeti kimeinama kama sahani na kinashika unyevu. Ndege na wadudu wakishakitoboa, ukungu unaingia kwenye vidonda na kichwa kinaoza kwa nyuma, kinakuwa laini na cha kahawia. Mbegu zinazobaki huwa nyepesi, na mafuta yake machungu.

Mvua nyingi pia huleta madoa meusi kwenye majani, ugonjwa wa altenaria. Huanzia majani ya chini na kupanda juu, na unaweza kuja na mbegu yenyewe. Kwa hiyo mbegu uliyoikusanya kwenye shamba lililougua mwaka jana, usiirudishe ardhini.

Kuchelewa nako kuna adhabu yake. Ukipanda Februari katikati, maua yanatoka Aprili, mvua inaaga. Alizeti ina mizizi mirefu, ndiyo maana inasifiwa kuvumilia ukame, lakini sifa hiyo isikudanganye: wakati wa maua na kujaza mbegu ndipo inapohitaji maji kuliko wakati wowote. Ikikosa, unavuna vichwa vyenye mapepe katikati. Tena mmea uliochoka kwa jua na kiu hushambuliwa na ugonjwa wa kuoza shina. Chini linageuka rangi ya majivu, ukilipasua ndani kuna vidoa vyeusi kama unga wa mkaa.

Ndiyo maana kwa kanda ya kati muda unaofaa ni katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari. Maua yanapata mvua ya Februari na Machi, vichwa vinakauka mvua ikiisha. Mbegu chotara za muda mfupi huwahi kukomaa, hivyo zinaweza kungoja kidogo. Kwenye mvua ndefu zaidi, kama nyanda za juu kusini, watu husubiri hadi Januari mwishoni au Februari. Huko kwenye baridi adui ni ukungu mweupe kama pamba, unaoacha chembe ngumu nyeusi zinazokaa ardhini miaka kadhaa. Ukiuona, mwaka unaofuata usipande maharage hapo maana nayo yanaugua. Weka mahindi au mtama.

Tarehe hizi si amri, maana mvua zenyewe siku hizi hazieleweki. Sikiliza utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, hasa pale wanaposema mvua itaisha lini, kisha rudi nyuma miezi mitatu na nusu.