Waini ya 'kilimo hai' kutoka Dodoma: Mambo yanayofanyika kabla haijafika Kariakoo

Msimu wa zabibu ukifika, mitaa ya Kariakoo hujaa wauzaji wenye mabeseni na mifuko ya zabibu za Dodoma. Zinauzwa chapchap, maana kesho zitakuwa zimelainika na keshokutwa hakuna anayezitaka.

Hiyo ndiyo ishu kubwa ya zao hili. Zabibu ikishakatwa haiendelei kuiva kama embe wala haikai kama mahindi, na kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400. Familia yenye ekari moja au mbili ikikosa mnunuzi wiki hiyo, itauza kwa bei ya kutupa kwa dalali au itaangalia mavuno yakiozea shambani. Ndiyo maana wengi wameanza kukamua wenyewe. Juisi iliyochachushwa, ambayo Dodoma huitwa "mchuzi wa zabibu", hukaa kwenye tangi miezi na miezi ikisubiri bei.

Zabibu si zao la jana Dodoma. Wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walikuwa nazo tangu miaka ya 1950, na leo kuna kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, jina lililopewa pia aina maarufu ya zabibu nyekundu. Mchanga na ukame wa Dodoma vinaufaa mzabibu. Kwa kuwa hakuna baridi kali ya kuulaza, mkulima akipogoa matawi unachipua upya, na takriban miezi minne baadaye anavuna. Kwa hiyo mavuno ni mawili kwa mwaka: Februari hadi Machi, na Agosti hadi Septemba.

'Kilimo hai' si 'bila dawa'

Wengi wanadhani shamba la kilimo hai halipigwi dawa kabisa. Si kweli.

Adui mkubwa wa mzabibu ni ubwiriunga, ule ukungu mweupe ambao wakulima wa korosho Mtwara na Lindi wanaujua vizuri. Dawa yake ni ileile: salfa. Salfa ni madini, na kanuni za kilimo hai zinairuhusu. Mrututu unaruhusiwa pia dhidi ya ubwirivinyoya, lakini kwa kipimo, kwa sababu shaba yake hubaki kwenye udongo. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka saba.

Kinachokatazwa ni mbolea za chumvichumvi za viwandani, viuagugu na viuatilifu vya sumu vya kutengenezwa. Mbolea ni samadi, na hapo Dodoma ina bahati, Wagogo ni wafugaji. Kazi nzito ni palizi ya jembe, na mchwa, ambao hula hata nguzo zinazobeba mizabibu. Mavuno ya Machi ndiyo yanayomtesa zaidi mkulima wa namna hii, kwa kuwa zabibu hukua wakati wa mvua na ukungu hauna huruma. Za Agosti hukua kwenye ukavu, zinakuwa tamu zaidi na hazihitaji dawa nyingi. Familia isiyo na mtaji mkubwa ingefanya vizuri kuanza kutengeneza waini na hizo.

Pipani

Kilo 10 za zabibu hutoa lita sita hadi saba, yaani chupa nane hivi za mililita 750. Utamu hupimwa kwa refraktomita, kifaa kidogo cha mkononi. Kila gramu 17 za sukari ndani ya lita moja huzaa takriban asilimia moja ya kilevi, hivyo juisi yenye gramu 220 itafika karibu asilimia 13.

Waini nyekundu huchachuka pamoja na maganda, maana rangi imo humo. Maganda huelea juu na lazima yasukumwe chini mara mbili tatu kwa siku, la sivyo juu panakauka na siki inaanza. Chumba kiwe na madirisha: hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka humo imeshaua watu kwenye viwanda vidogo duniani.

Halafu kuna salfaiti, kinga ya waini isiharibike. Hapa hata wakubwa hawakubaliani. Ulaya, ambayo ilikubali jina "waini ya kilimo hai" mwaka 2012 tu, inaruhusu hadi miligramu 100 kwa lita kwenye nyekundu kavu. Marekani, waini yenye jina hilo haitakiwi kuongezwa salfaiti hata kidogo.

Chupa inasema nini?

Maneno "asili" na "asilia" kwenye lebo hayathibitishi chochote, yeyote anaweza kuyachapa. Alama ya kutafuta ni Kilimohai, iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 2007 pamoja na viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki. Kwa familia ndogo kuna nafuu: vikundi vya wakulima vinaweza kukaguana vyenyewe kwa utaratibu uliokubalika, badala ya kila mmoja kumlipa mkaguzi kutoka nje.

Alama hiyo haiondoi nembo ya TBS, stempu ya TRA wala leseni ya pombe. Ushuru una afueni kidogo, kwani mvinyo wenye zabibu za nchini zaidi ya asilimia 75 umekuwa ukitozwa kiwango cha chini kuliko ule wa kutoka nje.

Baada ya hayo yote kuna joto la Dar. Waini yenye salfaiti kidogo haivumilii rafu inayopigwa na jua wala stoo ya mabati. Rangi hubadilika kuwa kahawia, harufu ya matunda hupotea, na mteja akionja atasema waini ya Dodoma ni mbaya. Mwenye duka aliyeiweka pembeni, gizani na imelala, huwa amemsaidia mkulima bila kumjua. Ikishafunguliwa, ni siku tatu hadi tano, ndani ya friji.