Kuba Lililofinyangwa

Tangu zamani wajenzi wa makanisa makubwa wamekuwa na adui mmoja, naye ni uzito. Kuba la mawe au matofali halilemei chini tu, bali husukuma kuta kwenda nje, na ukuta usio imara hupasuka. Huko Constantinople kanisa kuu la Hekima Takatifu lilimalizika mwaka wa 537. Hata mwaka wa 558, baada ya matetemeko ya nchi, kuba lake likaporomoka.

Katika miaka ile ile, mjini Ravenna katika nchi ya Italia, wajenzi wa kanisa la Mtakatifu Vitalis walifuata njia nyingine. Kazi ilianzishwa zamani za Askofu Ecclesius, gharama zikatolewa na Julius Argentarius, na Askofu Maximianus akaliweka wakfu mwaka wa 547. Kuba lake halikujengwa kwa mawe, bali kwa vibomba vya udongo.

Kila kibomba kilifinyangwa, kisha kikachomwa tanuuni. Umbo lake ni kama chupa isiyo na kitako: upande mmoja ni mpana na wazi, wa pili ni mwembamba kama shingo. Mjenzi aliingiza shingo ya kimoja katika tumbo la kingine, akaviunga, safu juu ya safu, zikazunguka mpaka kileleni. Kwa kuwa ndani yake mna hewa tu, kuba likawa jepesi, na kuta hazikulemewa. Tena hewa iliyofungwa hivyo hupunguza joto na baridi kupenya.

Wala ustadi huo haukuzaliwa Ravenna. Karne nyingi kabla yake, mafundi wa Afrika ya Kaskazini, hasa katika nchi iitwayo leo Tunisia, walijenga hivyo dari za nyumba za kuogea. Miti mikubwa ya kutegemeza dari wakati wa kujenga ilikuwa haba kwao. Lakini vibomba vilivyoungwa kwa jasi, ambayo hukauka upesi, vilijishika vyenyewe kazi ikiendelea.

Kuba lile lingali limesimama, miaka 1,400 na zaidi imepita, nalo limefunikwa kwa paa la vigae hata aliye nje halioni. Majina ya maaskofu na ya mtoa fedha tunayo. Majina ya wafinyanzi hatunayo. Lakini ni udongo walioufinyanga wao ambao haukulemea kuta, na kwa hiyo kuta hazikuanguka.