Pwani Ni Ipi?

Neno pwani limetokana na kupwa. Ni pale maji yanapotoka na kuacha mchanga mtupu. Mvuvi wa Lamu au Mafia haoni fumbo hapo. Lakini Uingereza na Norwe zilifikishana mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini The Hague, kwa sababu ya jambo hilohilo.

Tangu mwaka 1906 meli za Uingereza za kukokota nyavu zilikuwa zikivua kaskazini mwa Norwe, kwenye baridi kali, ambako wenyeji waliishi kwa samaki. Mwaka 1935 amri ya kifalme iliwakataza wageni kuvua ndani ya maili nne za baharini. Maili nne kutoka wapi? Amri ilitaja alama 48 kwenye ncha za bara, visiwa na miamba, ikaziunganisha kwa mistari iliyonyooka. Mstari mmoja ulifika maili 44.

Meli zilipokamatwa, Uingereza ikashtaki, mwaka 1949. Pande zote mbili zilikubali kipimo cha maji kupwa. Zilibishana namna ya kukitumia. Uingereza ilitaka mstari ufuate ardhi kona kwa kona, na ghuba yenye mdomo unaozidi maili 10 isifungwe. Norwe ilijibu kwamba pwani yake si ufuo wa bara. Ni ukuta wa visiwa na miamba ipatayo 120,000, uitwao skjærgård.

Tarehe 18 Desemba 1951, majaji 10 dhidi ya 2 waliikubali njia ya Norwe. Walitazama umbo la nchi, na pia watu: wale waliovua humo tangu zamani na kutegemea maji hayo kwa riziki. Kanuni hiyo iliingia katika mkataba wa Geneva wa 1958, kisha ule wa sheria ya bahari wa 1982.

Kwetu nako mistari ilichorwa. Sheria ya Kenya ya 1972 iliitambua Ghuba ya Ungwana kuwa ghuba ya kihistoria, maji ya ndani ya nchi. Hata hivyo, trola za kamba ziliingia humo kwa leseni, zikagombana na wavuvi wadogo, hadi serikali ilipozisimamisha mwaka 2006.

Mstari humzuia mgeni. Haumwambii mvuvi wa Kipini nani, miongoni mwa waliomo ndani, ana haki ya kutupa wavu kwanza. Mahakama ya 1951 iliuliza nani anaishi kwa maji hayo. Swali hilo linafaa kuulizwa upande wa ndani pia.